Mpira wa Injini ya Lukas

Dora mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako mtaa wa Viwanja Sitini, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachia mpaka ule, ushibe, uombewe, kisha ule tena. Nina saa mbili hivi za kuandika. Mikono nimenawa mara mbili kwa sabuni ya unga na bado karatasi imeshachafuka pembeni. Hata nisingeweka jina ungejua barua imetoka kwa nani.

Mambo ya sweta kwa sababu Mbeya kuna baridi, ya kukumbatia mkoba wako kwenye treni, ya kutoazimisha watu spana zako, hayo shangazi ameshayasema na atayarudia kesho stesheni. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu kifo cha mama yako, na linahusu mtu ambaye umemchukia bure kwa sababu yangu. Nimelibeba miaka kumi na moja na nilikuwa nimeamua kufa nalo, mpaka Alhamisi ile nilipokufokea gereji.

Najua hujaisahau. Mteja alileta gari lake dogo na throto kubwa ya kuingizia hewa aliyoitafuta mwenyewe, akitaka tumfungie ili gari liwe na nguvu za kubeba mzigo. Nilikuachia kazi yote. Ukakata gasketi kwa mkono wako, ukakaza boliti kwa zamu zake, nikakutazama kwa mbali nikajisemea kwamba hao watu wa Mbeya wamepata fundi. Halafu ukakuta throto mpya haina mdomo wa kuchomeka ule mpira mdogo wa kupumulia unaotoka kwenye tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini. Ukaniuliza, "Baba, tuuache uning'inie chini kwa leo? Kesho nitautafutia sehemu."

Nikatupa spana ukutani. Nikakuita mjinga mbele ya mteja, wewe ambaye sikuwahi kukuita mjinga hata siku ile ulipotia dizeli kwenye gari la petroli la padri. Hukulia. Ulifuta mikono, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimekosea nini, baba?" Nikakuambia uende nyumbani. Ulipoondoka nikatoboa manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye injini, nikafunga mdomo wa shaba, nikaunganisha mpira, na kabla ya kukaza klipu nikaupuliza kwa mdomo mara tatu. Uliwahi kuniuliza kwa nini kila mpira naupuliza mara tatu, nikakujibu kwamba ni mazoea tu. Nilikudanganya.

Acha nikueleze kwanza kifundi, maana mengine yote yanatoka hapo. Injini inapumua. Moto ukilipuka juu ya pistoni, moshi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka chini kwenye oili. Ringi zikiwa mpya unapenya kidogo, zikichoka unapenya mwingi, lakini lazima upenye. Ukikosa pa kutokea unajaa, unasukuma, na oili inatafuta njia popote palipo dhaifu. Ndiyo sababu ya ile mipira miwili. Mmoja una vali yake ndogo na unaingia nyuma ya throto, upande wa manifoldi, pale injini inapovuta kwa nguvu. Huo ndio unaonyonya moshi na kuurudisha ukachomwe. Wa pili unaingia mbele ya throto, ukishapita filta, ili uingize hewa safi, na siku injini ikizidiwa moshi utokee hapo.

Ukibadilisha throto, mipira hiyo miwili ndiyo kazi yenyewe. Ule wa vali ukiuweka mbele haunyonyi kitu. Ule wa hewa ukiuweka nyuma, injini itanguruma hata hujagusa mafuta, na oili itanyonywa mpaka moshi wa bluu utoke nyuma. Kama throto haina mdomo, toboa manifoldi. Kama bomba la hewa halina tundu, litengenezee tundu. Ni kazi ya nusu siku, na ni nusu siku ambayo mimi sikuitoa.

Sasa nimtaje mtu ambaye jina lake halitajwi nyumbani kwetu. Lukas. Ulipokuwa mdogo ulimwita baba mdogo, na alikuwa baba mdogo kwa kila kitu isipokuwa damu. Tulitoka naye Mahenge tukiwa vijana, tukavuka Kivukoni kwa pantoni, mimi na kisanduku cha spana, yeye na leseni yake mpya aliyoifunga kwenye nailoni isilowe. Mimi nikawa fundi, yeye akawa dereva. Gari lake dogo la abiria la safari za Mchombe nililihudumia mimi peke yangu, fundi mwingine alikuwa haruhusiwi hata kufungua boneti.

Kiangazi cha mwaka ule alitaka gari liwe na nguvu zaidi, kwa sababu abiria wa kule hawasafiri bila magunia. Nikatoa throto kubwa kwenye injini chakavu, nikamfungia. Haikuwa na mdomo wa mpira wa vali. Nikauziba mpira huo kwa boliti na klipu. Bomba jipya la hewa nalo halikuwa na tundu la mpira wa pili. Huo nikaurefusha, nikaupitisha pembeni mwa injini na kuuacha uning'inie chini, karibu na gurudumu la mbele. Nikamwambia, "Hii ya muda tu. Njoo wiki ijayo nikutobolee manifoldi."

Wiki iliyofuata alikuja. Nilikuwa na kazi nyingi. Akaja tena. Nikamwambia, "Lukas, gari linatembea, halitembei?"

"Linatembea kama limekunywa kahawa," akasema, na tukacheka sote wawili. Hakuja kuniuliza tena.

Kiangazi kosa hilo halionekani, Dora. Mpira unatoa moshi wake chini, gari linakwenda, mteja anakusifu. Mafundi wengi hapa Ifakara tulikuwa tunafanya hivyo na kujiona wajanja. Masika ndiyo mtihani, na masika yalikuja mapema mwaka ule.

Mama yako alikuwa Mchombe kwenye palizi ya mpunga. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ukabaki na mimi kwa sababu ya shule. Alikuwa na mimba changa, hatukuwa tumekuambia. Ilitunga nje ya kizazi, na asubuhi ile ikapasuka. Lukas alikuwa anapakia abiria. Aliposikia, akawashusha wote pamoja na magunia yao, akamlaza mama yako kiti cha nyuma, jirani mmoja wa shambani akakaa naye kumshikilia, wakaondoka. Hata nauli za watu alizirudisha dirishani gari likitembea.

Ule udongo mweusi wa bondeni unaujua. Hauoshwi na maji, unang'ang'ania. Mpira wangu ulikuwa umeuchota siku baada ya siku, unajaa, unakaushwa na joto la injini, unajaa tena. Siku ile tundu lilikuwa limeziba kabisa, na ule mpira mwingine nilishauziba mimi kwa boliti yangu. Injini ilikosa pa kupumulia, na Lukas alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho kwa ajili ya mgonjwa. Sili ya kranki, ile inayozuia oili isitoke, ikasukumwa nje, oili yote ikamwagika kwenye tope bila yeye kuona hata tone. Taa ikawaka. Kabla hajatoa mguu, injini ikanoki, ikakamata, ikazima.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Simu hazikushika mtandao pale na hakuna gari lililopita, kwa sababu mbele yao lori la mpunga lilikuwa limezama na kufunga njia. Karibu na saa tisa mzee mmoja wa Kisukuma akawafikia na mkokoteni wake wa maksai. Akamtazama mama yako, akasema, "Mpandisheni, huyu ni mama yetu." Mama yako alifariki juu ya mkokoteni ule, kabla hawajalifikia lori.

Lukas ndiye aliyenieleza. Aliniambia kwamba tangu gari lizime, mama yako alikuwa akiuliza kila baada ya kitambo, "Tumefika wapi?" Naye Lukas alikuwa akimtajia kijiji cha mbele, kisha cha mbele yake tena, ili asikate tamaa, ilhali gari halijasogea hata hatua moja.

Swali hilo nalisikia mpaka leo. Nalisikia nikiwa chini ya gari mchana kweupe, redio ya jirani inapiga kelele. Si sauti ya mgonjwa. Ni sauti yake ya kawaida, ile ya tukisafiri, akiamka usingizini na kujinyoosha. Tumefika wapi? Huwa natoka chini ya gari nikachungulia mlangoni. Wewe umekuwa ukidhani naangalia wateja, ukanitania kwamba baba anawaota. Masika huwa ni mbaya zaidi. Mvua ya kwanza ikinyesha na ule udongo ukianza kunuka, siwezi kula. Mara mbili nimemjibu kwa sauti. Mara ya pili ulikuwa karibu, ukaniuliza naongea na nani, nikakuambia nahesabu nati.

Siku nne baada ya mazishi trekta lilivuta gari mpaka gereji. Nililifungua peke yangu. Nikaukuta ule mpira, nikaushika, ulikuwa mgumu kama kijiti. Nikaupuliza, hewa haikupita. Nikapuliza mpaka masikio yakauma, kipande cha udongo kikachomoka, kirefu kama kidole changu cha kati, kikaanguka kiganjani. Nilielewa palepale. Nikakaa chini, na ladha ya udongo ule ilikuwa mdomoni mwangu.

Lukas alikuwa nje kwenye benchi, anangoja niseme. Kaka zake mama yako walikuwa wamesimama karibu naye. Ilikuwa ni kumwita tu, hatua sita kutoka nilipokaa. Nilikisaga kile kipande kwa soli ya kiatu changu. Nikauosha mpira kwa petroli, nikaurudisha mahali pake. Nikatoka nikasema mbele ya wote, "Oili iliisha. Hukuangalia oili, Lukas."

Akanitazama. "Kasmiri, niliangalia. Asubuhi ile niliangalia, ilikuwa kwenye alama."

"Injini haidanganyi," nikamwambia.

Nakumbuka jinsi nilivyolisema neno hilo, kwa ile sauti yetu ya kifundi ambayo mteja huwa haibishii. Wajomba zako hawakuibishia. Mmoja alimtemea mate miguuni. Lukas hakuinua mkono.

Hakuendesha tena. Gari lilikwenda skrepa, yeye akahamia Mchombe akalima mpunga wa watu kabla hajapata wake. Mwaka wa pili tulikutana sokoni, akanivuta pembeni akaniambia, "Nimekuwa nikifikiri. Labda sikuangalia kweli. Labda niliangalia jana yake, nikachanganya siku." Alikuwa ameanza kuniamini mimi kuliko macho yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale katikati ya vitunguu. Nilimpa pole. Nilimpa pole, Dora, nikaenda zangu.

Na wewe. Ulikuwa na miaka tisa ulipoanza kumchukia. Ulisikia nilichosema na ukaamini, kwa nini usiamini? Siku ya kipaimara chako alikuja kutoka Mchombe na jogoo mkononi, ukampita bila shikamoo na watu wote wakaona. Mtoto anayempita mkubwa hivyo hurudiwa hapo hapo, na mimi ndiye niliyepaswa kukurudi. Nilitazama chini. Kunyamaza kwangu ukakuelewa kuwa ni ruhusa, na kuanzia siku hiyo hukumwamkia tena, mtoto uliyelelewa ukaamkia hata vichaa wa njiani. Mwezi uliopita, sasa u mtu mzima, Lukas alikukuta mlangoni mwa gereji akakuuliza unaondoka lini. Uligeuza uso. Nilikuwa ndani, nilimsikia. Alisimama kidogo, kisha akasema polepole, "Marahaba, mwanangu," kama vile umemwamkia, akaondoka.

Siku ile ndipo nilipoanza kuvunjika. Alhamisi, uliposema mpira uning'inie chini, sikukuona wewe. Nilijiona mimi kiangazi kile, nina miaka michache kuliko sasa, kichwa kigumu, nacheka na rafiki yangu. Sikukutupia wewe spana, ingawa najua maelezo hayo hayafuti neno nililokuita. Hukustahili. Nisamehe kwa hilo kwanza, kabla hatujafika kwenye mengine.

Sitakudanganya kwamba nina hekima ya kukupa. Utakosea huko uendako. Utasahau kukaza kitu, utachanganya waya, utamwambia mtu "ya muda tu" kwa sababu jua linazama na umechoka. Mimi kosa la mpira nililifanya alasiri moja, bila kumwombea mtu mabaya, na nadhani lingeweza kuniuma na kuniacha. Lile la benchi nimelifanya kila siku kwa miaka kumi na moja, kila nilipoamka na nisiende Mchombe. Hilo ndilo lililonimaliza. Siku ukishika kwenye kiganja kitu kinachokushtaki, na ukahisi mguu unataka kukisaga, mwite mwenye gari. Mwite haraka, kabla hujapata maneno mazuri ya kujitetea. Mimi niliyapata haraka mno.

Jambo jingine unapaswa kulijua. Leo sikwenda kutafuta spea Kibaoni kama nilivyokuaga. Nilichukua pikipiki alfajiri nikaenda Mchombe.

Nilimkuta Lukas anaanika mpunga kwenye turubai. Amezeeka kuliko mimi, na tunalingana umri. Alinikaribisha, akatuma nitolewe kiti. Nilikataa kukaa, kwa sababu nikikaa nitaletewa chai, na nikiletewa chai sitasema. Nikasema nikiwa nimesimama. Nikamweleza boliti, klipu, udongo, kiatu changu, yote. Aliacha kusambaza mpunga. Kuku wakaingia kwenye turubai na hakuwafukuza.

"Niliangalia oili," akasema mwishowe.

"Uliangalia."

"Ilikuwa kwenye alama."

"Ilikuwa kwenye alama, Lukas."

Akageuka akamwita mkewe kutoka jikoni. Mama yule akatoka na mwiko mkononi. Lukas akaninyooshea kidole, akamwambia, "Msikilize huyu." Kisha akaniambia, "Sema tena. Sema na yeye asikie." Nikasema tena, mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika kwenye neno oili, Lukas alijifunika uso kwa mikono yote miwili, ikiwa na vumbi la mpunga, akalia kwa sauti. Mkewe hakunitazama. Alimshika mumewe begani, akawa anamwambia, "Si nilikuambia? Miaka yote si nilikuambia?"

Nilipoomba msamaha alitikisa kichwa. "Leo usiniombe kitu, Kasmiri," akasema. "Nenda." Nilikuwa nimeshafika kwenye pikipiki aliponiita. "Dora anajua?" Nikamwambia bado. Akasema, "Mwambie kabla hajasafiri. Asiondoke na chuki ile, itamsumbua bure. Ni mtoto."

Kwa hiyo nakuambia. Nilifikiri kuificha barua hii katikati ya nguo zako, ukaisome treni ikishapita Mlimba, mimi nikiwa mbali na macho yako. Niliifikiria njia hiyo njia nzima kutoka Mchombe, na ilinivutia sana, ndipo nikajua kuwa ni ujanja wangu ule ule. Naiweka kitandani kwako, juu ya mto. Mwenye pikipiki nimemwomba aje mlangoni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Treni haifiki kabla ya jioni, kwa hiyo kwenda Mchombe na kurudi kunawezekana. Sikutumi. Aende na wewe au arudi mtupu, hilo ni lako na la baba yako mdogo.

Kuhusu mimi, sijui utaniita nani ukishamaliza kusoma. Nimekuwa baba na mama yako kwa miaka yote hii, nimekusuka nywele vibaya, nimekufundisha kila ninachokijua kwa mikono, na muda wote huo ndimi niliyekuwa nimekuondolea mama. Nakupenda, na nimekuogopa. Nimekuogopa tangu ulipokuwa na miaka tisa.

Nipo barazani, nimekaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Ukiwa na la kuuliza, uliza, nitajibu lote. Ukinipita bila kuniamkia, nitajua umeisoma mpaka mwisho.

Baba yako,
Kasmiri